Chumvi Iliyomwangukia Stefano

Kule kwetu Mgeta mtoto anayecheza mpira hujifunza kwanza kuuogopa mteremko. Uwanja wetu ulikuwa kipande cha ardhi walichokisawazisha wazee kando ya kanisa, na goli la upande mmoja lilining'inia juu ya bonde. Mpira ukimpita golikipa wa upande ule haukusimama tena. Uliruka mashamba ya njegere, ukaruka migomba, ukaenda zake mtoni. Sheria ilikuwa moja tu: aliyepitwa ndiye anayeufuata. Mdogo wangu Stefano alipewa goli lile kwa kuwa alikuwa mdogo kuliko wote. Aliushuka mteremko ule mara nyingi, akirudi wenzake wameshakaa chini kumsubiri, magoti yamejaa tope, mpira wa matambara umelowa kama panya. Wakamcheka. Kisha ikafika siku akaacha kupitwa. Ndivyo golikipa yule alivyopatikana.

Mimi ni dada yake, Scholastika. Shule sikwenda, maana kulikuwa na Stefano wa kubebwa mgongoni ili mama apate kulima. Herufi nilizipata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno juu yake kuliko baba. Mume wangu alipokwenda Dar es Salaam na asirudi, watoto wangu hawakuhesabiwa yatima, kwa kuwa mjomba wao alikuwepo. Stefano ndiye aliyempa jina binti yangu wa kwanza, Juliana, na ndiye aliyekuwa akija kuketi mlangoni kwangu jioni, amenyoosha miguu mirefu, akiwasikiliza wakimshitakia mmoja baada ya mwingine. Alikuwa na kidole kimoja kilichopinda, alichovunjiwa na shuti, na watoto walikitumia kama kulabu, wakaning'inia.

Alishuka Morogoro akiwa amekaa juu ya matenga ya kabichi kwenye lori la mboga. Mjini akapata kazi kwenye kiwanda cha magunia, na kiwanda kilikuwa na timu. Mchana alisokota katani, jioni alidaka mipira. Alipenda maisha yale. Aliniambia kwamba akiwa golini, milima yetu ilikuwa mbele yake, na siku ambazo mawingu hayakuifunika alikuwa akitafuta kwa macho mahali nyumba yetu ilipo.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Kila kitu ruksa. Vitu ambavyo tulikuwa tukivipangia foleni vikajaa madukani, na viwanda vilivyokuwa vikitengeneza vitu vyetu vikaanza kunyamaza kimoja kimoja. Magunia yakaja ya plastiki kutoka nje. Kiwanda cha Stefano kikazimwa mitambo, lakini timu haikufa, kwa sababu mfanyabiashara mmoja, Bwana Geofrey, aliichukua. Akaibatiza Bondwa Rangers kwa jina la kilele cha mlima wetu, akawavika jezi za njano. Hakuwa mtu wa huku, lakini alitaka sana kupendwa na watu wa huku. Nitamsema vibaya mbele, basi na hili niliseme.

Mshahara ukawa wa kusikia tu. Stefano akaanza kufanya biashara ndogo. Kila akija nyumbani aliondoka na tenga la karoti au la figili, na timu ikisafiri alikwenda nalo akauze ugenini. Wenzake wakamwita Genge. "Genge leo unauza ngapi?" "Nauza karoti tu, magoli siuzi." Alikuwa mwepesi wa majibu. Jina lile nililipenda. Sikujua kwamba ndilo watakalomfunga nalo.

Siku moja alikuja amechangamka kama mtu aliyeota ndoto asiyoamini. Walikuwa wamepanda ndege. Bwana Geofrey alikodi ndege ya kampuni moja mpya, zile zilizoota kama uyoga miaka hiyo, akawapeleka kwenye mechi ya mbali.

"Dada," akaniambia, "mlango wanaufunga kwa kamba."

"Kamba ya nini?"

"Ya katani. Ileile yetu ya kushonea magunia."

Nilicheka hadi nikaacha kuchambua mboga. Akaendelea kusimulia: kiti alichokalia rubani kimeegeshwa na kipande cha ubao, chombo cha kumwonyesha ndege iko juu kiasi gani kimekufa, rubani akitaka kujua mlima uko wapi anainama na kuchungulia kidirishani, kama utingo wa lori. Mchezaji mmoja alimwuliza kama hilo ni sawa, naye akajibu kwamba ameshazoea.

"Na kurudi tulirudi tumekalia mizigo ya tajiri," Stefano akasema. "Anasema ndege imeshalipiwa, kwa nini irudi tupu?"

Hapo niliacha kucheka. "Sasa mbona unapanda?"

"Nisipopanda mimi, yuko anayelisubiri goli langu."

Mvua za masika zilizofuata zilikuwa kubwa. Barabara ya kusini ikakatika, malori yakalala njiani, na chumvi itokayo pwani ya kule ikaadimika. Hapa mlimani tulikuwa tukiazimana kwa kijiko. Katika mvua hizo Bondwa Rangers walikuwa na mechi Mtwara, na kwa kuwa gari halipiti, walipanda ndege ileile.

Siku ya kurudi kwao nilikuwa shambani. Wingu lilikuwa limekaa juu yetu tangu alfajiri, zito, jeupe, la aina ile inayokufanya uisikie sauti ya mwenzako ukadhani inatoka ndani ya kichwa chako. Nikasikia mngurumo. Ulikuja kutoka upande wa Kisaki, ukapita, ukarudi, ukazunguka. Watu wa Kisaki walisema baadaye kwamba waliiona ikipita chini kabisa, ikienda polepole kama mgeni anayetafuta nyumba. Sisi hatukuona kitu. Niliinua uso, matone yakaniangukia machoni, na ule mngurumo ukawa juu yangu, ukawa pembeni, ukawa kila mahali. Kisha ukakoma. Haukulipuka kama watu wanavyodhani. Ulikuwa mshindo mzito, kama mtu aliyetua mzigo, na baada yake ndege wa msituni walinyamaza wote.

Tulipanda watu wengi, wanaume kwa wanawake, tukishikana kanga tusipoteane. Sijui tulitembea muda gani. Ninachokumbuka ni miti. Juu kule msituni miti ina ndevu za kuvu, na katikati ya wingu niliona nguo za njano zimeanikwa matawini. Nyingi, zimenyooka, zinadondosha maji. Nikawaza: nani huyu anayefua huku juu siku ya mvua? Niliwaza hivyo kwa dhati, hata nikataka kucheka. Miguu ilikuwa imeshajua, kichwa bado.

Na majani ya chini yalikuwa meupe. Tulidhani ni mvua ya mawe. Mwenzangu wa tangu utoto, Eufrazia, aliyekuwa mbele yangu, aliinama akachota kwa vidole, akalamba.

"Chumvi," akasema.

Chumvi ilikuwa kila mahali, magunia yamepasuka, imemwagika juu ya vyuma, juu ya viatu vya kuchezea mpira, juu ya watu. Walikuwa wamelala ndani yake kana kwamba mtu alitaka kuwahifadhi. Hakupona hata mmoja. Stefano nilimjua kwa kidole kile.

Mvua ilinyesha tena, na wakubwa kutoka mjini walipofanikiwa kupanda, chumvi yote ilikuwa imeyeyuka. Walikuta magunia matupu. Kijito cha chini kilikuwa na ladha ya machozi kwa siku kadhaa, na mbuzi walikata kamba wakaenda kulamba mawe ya kule juu, wanalamba, wanalamba, huwezi kuwarudisha.

Sasa magunia yakataka mwenyewe. Kabla hata miili haijateremshwa, karani wa Bwana Geofrey alikuwa ameshasema mjini: ile ni biashara ya golikipa. Si mnamjua Genge? Kila safari ana mizigo yake. Akaizidishia ndege uzito, akawaua wenzake. Maneno hayo yalishuka na kupanda kwa malori ya mboga. Mama wa mchezaji mmoja alinitemea mate miguuni hospitalini, na sikuweza kumlaumu, maana kama kweli ingekuwa hivyo, hata mimi ningetema.

Tulimzika Stefano nyumbani, kwenye ardhi ya ukoo. Bwana Geofrey alipanda kuja, amevaa suti nyeusi, viatu mkononi kwa ajili ya tope. Watu wakasema, huyu ni muungwana.

Mtani wetu alikuwa Eufrazia. Ukoo wao na wetu ni watani tangu mababu: wao hutuzika sisi, sisi huwazika wao, na msibani mtani hana mpaka. Atamtukana maiti, atamwigiza, atawacheka wafiwa, na hakuna wa kumkasirikia. Tangu utoto Eufrazia hakuwahi kuniita jina langu. Aliniita Kiboko, kwa ajili ya mdomo wangu, nami nilimwita Nyungunyungu. Ndiyo mapenzi yetu.

Padre alipomaliza sala, kabla jeneza halijashushwa, Eufrazia aliruka akaingia kaburini. Alikuwa amevaa moja ya zile jezi za njano, imemfika magotini. Akainama, akatanua mikono, akapiga makofi kama golikipa anayesubiri penalti.

"Hapiti mtu!" akapiga kelele. "Genge kachoka, golikipa mpya ni mimi! Leteni mpira!"

Watu waliokuwa wakilia wakaanza kucheka huku wakilia. Mama yangu naye alicheka, Mungu amlaze pema.

"Toka mtani," akasema mjomba wetu Eustace, mkubwa wa ukoo. "Tumzike mtu wetu."

"Mtu wenu yupi? Huyu aliyelala mechi haijaisha? Sitoki. Kwanza mniambie, amekufa kwa wingu au kwa chumvi?"

Kicheko kikapungua.

"Kwa wingu," mjomba akasema.

"Mwongo! Umezeeka hadi ulimi. Mimi nimeilamba. Ilikuwa chumvi ya nani?" Akamnyooshea kidole Bwana Geofrey. "Wewe mwenye suti! Unasimama kama bata anayeogopa maji! Chumvi ilikuwa ya nani? Usipojibu nalala humu, mkamzike Genge chumbani kwako!"

Bwana Geofrey akageuka huku na huku. Nilikuwa karibu, nikamsikia mjomba Eustace akimnong'oneza. "Jibu tu, mzee. Ni utani. Mgeni akimjibu mtani tunampenda. Na ya hapa hayatoki hapa."

Nilimwona usoni akilegea. Aliwatazama wale watu wote wa mlimani waliokuwa wakimtazama wakitabasamu, akatabasamu na yeye.

"Ya kwangu, mama!" akasema kwa sauti. "Ya kwangu yote! Marehemu hakuwa na hata kijiko. Haya, toka sasa!"

Watu wakapiga vigelegele. Wengine wakampigapiga mabegani. Eufrazia peke yake hakucheka. Alinyoosha mkono avutwe, na alipofika juu alinitazama mimi, akasema, "Mmesikia."

Kwa siku nyingi baada ya hapo nilitembea kama mtu anayetembea ndani ya maji. Nililima, nilipika, lakini sauti za watu zilinifikia kutoka mbali. Stefano alinijia usingizini, anashuka ule mteremko wa utotoni kufuata mpira, namwita, hageuki. Niliamka kila mara na neno moja: kijiko. Hakuwa na hata kijiko. Lilikuwa neno la kumtoa mtu hatiani, na lilikuwa limesemwa mbele ya kijiji kizima.

Ikaja habari kwamba Tume ya kuchunguza ajali itakaa Morogoro kusikiliza watu. Nikaenda kwa mjomba Eustace.

"Twende mjomba, ukaseme ulichosikia."

Akaparua udongo kwenye jembe. "Nilisikia utani, mwanangu."

"Ulisikia kweli."

"Kweli ndani ya utani. Nilimpa mtu yule neno langu, si langu tu, la ukoo. Mtu akijibu kaburini halafu tumpeleke polisi kwa jibu lake, kesho nani atajibu? Nani atakubali kutaniwa?"

"Na Stefano?"

"Sisi tunajua Stefano hana kosa. Huku wote wanajua."

Ningefurahi kusikia kwamba alihongwa. Hakuhongwa. Aliamini alichosema, na ndiyo maana sijamsamehe.

Eufrazia nilimkuta akipalilia. Nilipomwambia, aliketi chini kwenye tuta.

"Kiboko," akasema, "unadhani niliruka mle ndani kufanya mchezo? Nilimtoa yule tajiri neno kwa njia pekee niliyonayo. Njia yenyewe inaishia palepale kaburini. Nikisimama mbele ya wakubwa nikiwa Eufrazia, mke wa fulani, mimi ni nani nimwulize tajiri? Naweza kumwuliza nikiwa mtani tu. Na mtani hana ushahidi."

"Basi nitakwenda peke yangu."

"Ukienda umeukata utani. Si wangu na wako. Wa koo zetu."

"Nitaukata."

Hakunitukana. Aliinuka, akaendelea kupalilia.

Nilishuka na lori. Chumba cha Tume kilikuwa na feni kubwa inayozunguka polepole, na watu waliovaa vizuri, na mwenyekiti mwenye sauti ya upole kabisa. Bwana Geofrey alikuwa amekaa mbele. Nilisema yote: kamba ya katani, chombo kilichokufa, mizigo ya tajiri waliyoikalia safari ya kwanza, chumvi, na lile jibu.

"Hilo la kamba na mizigo ya safari ya kwanza, uliyaona mwenyewe, mama?"

"Aliniambia marehemu."

"Na hilo jibu, Bwana Geofrey alilitoa wapi?"

"Makaburini."

"Akimjibu nani?"

"Mtani wetu. Aliyekuwa ndani ya kaburi."

Chumba kikacheka. Si kwa ubaya. Walicheka kama watu wanavyocheka jambo zuri la vijijini. Mwenyekiti naye alitabasamu. Akamwuliza Bwana Geofrey, naye akasimama akasema kwa heshima kwamba ndiyo, aliambiwa na wazee kwamba mila inamtaka akubali lolote, na alikubali ili kuwafariji wafiwa. Angeulizwa kama ni yeye aliyeumba wingu angekubali pia. Mwenyekiti akaniuliza kama nina shahidi mwingine. Nikageuka kutazama mlangoni, ingawa nilijua hakuna mtu.

"Asante sana, mama," akasema. "Pole kwa msiba."

Ripoti yao ilisema hali mbaya ya hewa, na mizigo iliyozidi ya abiria. Kampuni ya ndege ikabadili jina, ikaendelea kuruka. Bwana Geofrey alijenga mnara mdogo wenye majina ya wachezaji, na jina la Stefano limo. Hakuliondoa, maana yeye ni mtu mpole. Watu wa mjini wakipita pale wanaonyeshana kwa kidole: huyu ndiye yule wa chumvi.

Huku juu ni kweli wote wanajua. Hata kwenye misiba ya watu wengine, watani wa koo nyingine huuliza wakiwa kaburini, "Chumvi ya nani?" na umati mzima hujibu, "Ya suti!" Nimesikia mwenyewe, nikiwa njiani, nimesimama nyuma ya migomba kama mwizi. Kwa hiyo mdogo wangu ana hukumu mbili. Ukiwa juu ya mstari wa mawingu hana kosa. Lori likishuka, pale wingu linapoishia na mji unapoonekana chini unang'aa mabati, anakuwa na kosa tena. Siku hizi sishuki. Kabichi zangu nawauzia walanguzi hapahapa, kwa bei wanayotaka wao.

Mama alipokufa hakuna mtani aliyekuja. Mjomba Eustace alichimba kaburi na wanawe, kimya, na kaburi lilikaa wazi bila mtu wa kuruka ndani. Tulilia tu. Sikujua kwamba kulia bila kuchekwa kunauma kiasi kile. Wanaukoo walinitazama, nami niliwatazama. Ningeambiwa nichague tena ningeshuka tena na lori lile, ningesimama tena chini ya feni ile, hata wakicheka. Mtu wangu hakuwa na hata kijiko. Lazima mtu wa tumbo moja naye aseme hivyo akiwa amesimama juu ya ardhi, si ndani ya shimo.

Juzi kwenye gulio nilikutana na Eufrazia. Amezeeka, nami nimezeeka. Alisimama mbele ya mafungu yangu.

"Habari za asubuhi, Mama Juliana," akasema.

"Nzuri, dada. Za kwako?"

"Nzuri. Kabichi zako zimestawi."

"Zimestawi, asante."

Nilisubiri. Midomo yake ilifunguka kidogo, nikaona lile jina la utotoni limekuja, limesimama nyuma ya meno. Akalimeza. Akachagua kabichi moja, akaipangusa umande kwa kiganja, akaniaga kwa adabu zote, akaingia kwenye ukungu na kikapu chake.